Ibn al-Nafis: Mwanachuoni wa Fiqhi Aliyekuwa Mganga Mkuu wa Misri

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.

Ndugu msomaji, kijana wa Kiislamu wa Nyakitonto, kama mwenzake wa kwingineko Kasulu na Kibondo, akimaliza shule huonyeshwa njia mbili kana kwamba hazikutani: aende chuo cha uuguzi au utabibu akatafute maisha, au abaki na masheikh aitumikie dini. Wapo wazazi wanaohofu kuwa mtoto akishavaa koti jeupe atausahau msikiti. Na wapo vijana waliokwisha kuajiriwa zahanati ambao hujiona wameichagua dunia wakaiacha Akhera. Kwa ajili yao tumeona tuwaeleze maisha ya mtu ambaye kwake njia hizi mbili zilikuwa njia moja.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Jina lake ni Alauddin Ali bin Abi al-Hazm al-Qarshi, maarufu kwa jina la Ibn al-Nafis. Alizaliwa katika ardhi ya Sham, karibu na mji wa Damascus, mnamo mwaka 607 Hijria, sawa na 1210 Miladia. Tiba aliisoma katika Hospitali ya Nuri mjini Damascus, iliyojengwa na Sultan Nuruddin Zangi kwa mali ya wakfu. Mwalimu wake alikuwa tabibu mkubwa wa zama zile, Muhadhibuddin al-Dakhwar. Wanafunzi wa hapo hawakusoma vitabuni tu: walimfuata mwalimu kitanda hadi kitanda, wakimtazama mgonjwa, wakisikiliza maswali ya mwalimu na majibu yake.

Sambamba na tiba alisoma lugha ya Kiarabu, mantiki, hadithi, na fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafii, madhehebu yale yale tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki.

Darsa na wodi

Baadaye alihamia Cairo. Huko alipanda daraja mpaka akawa mkuu wa matabibu wa Misri, cheo ambacho kwa lugha yetu ya leo tungekiita Mganga Mkuu. Lakini wakati huo huo alikuwa mwalimu wa fiqhi katika Madrasa ya Masruriyya mjini humo. Alianza pia kuandika sherehe ya kitabu cha al-Tanbih cha Imam Shirazi, na aliandika kuhusu elimu ya hadithi na sira ya Mtume (s.a.w.). Ndiyo maana utalikuta jina lake katika vitabu vya wasifu wa wanachuoni wa Kishafii, na utalikuta tena katika historia ya tiba.

Hamu yake ya kuandika ilikuwa kubwa. Imesimuliwa kuwa siku moja alikuwa hamamuni akioga, likamjia jambo kuhusu mapigo ya mshipa. Akatoka kabla hajamaliza, akaomba kalamu na karatasi, akaandika risala nzima, kisha akarudi kumalizia kuoga. Kitabu chake kikubwa cha tiba, al-Shamil, alikikusudia kiwe na juzuu 300. Aliwahi kukamilisha 80 kabla ya mauti kumfika.

Moyo na mapafu

Kilichompa jina duniani ni jambo aliloliandika akiwa bado kijana, mwaka 1242, alipokuwa akiishereheshea sehemu ya maumbile ya mwili katika kitabu cha Ibn Sina, al-Qanun. Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walikuwa wamemfuata Galen, tabibu wa Kiyunani, aliyesema kuwa damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu vidogo katika ukuta ulio kati ya pande hizo. Ibn Sina naye alikwenda njia hiyo. Ibn al-Nafis akasema hapana. Ukuta ule ni mnene na hauna matundu. Damu hutoka upande wa kulia, ikaenda kwenye mapafu, ikachanganyika na hewa, kisha ikarudi upande wa kushoto wa moyo.

Ulaya jambo hili lilikuja kuandikwa na Michael Servetus mwaka 1553, miaka 300 na zaidi baadaye. Kitabu cha Ibn al-Nafis kilisahauliwa mpaka mwaka 1924, pale daktari kijana wa Misri aitwaye Muhyiddin al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alipokikuta katika maktaba ya Berlin.

Tuangalie tabia ya kielimu hapa. Aliwaheshimu waliomtangulia, akawasoma na kuwasherehesha, lakini hakukubali kauli kwa sababu tu mkubwa ameisema. Na mwanzoni mwa kitabu hicho hicho ameeleza kuwa sheria na huruma aliyonayo moyoni vilimzuia kupasua miili. Hata akiwa ndani ya elimu ya tiba, mwanafiqhi hakuondoka.

Maradhi yake ya mwisho

Mwaka 1284 Sultan Qalawun alikamilisha Hospitali ya Mansuri mjini Cairo, iliyotibu wanaume na wanawake, tajiri na maskini, bila malipo, kwa mapato ya wakfu. Ibn al-Nafis hakuwahi kuoa wala hakuacha mtoto. Nyumba yake, mali yake na vitabu vyake vyote aliviweka wakfu kwa hospitali hiyo.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, baadhi ya matabibu wenzake walimshauri atumie mvinyo kama dawa. Alikataa, kwa kuwa hakutaka kukutana na Allah ilhali tumboni mwake mna kitu katika pombe. Alifariki Ijumaa, katika mwezi wa Dhulqaada mwaka 687 Hijria, sawa na Desemba 1288. Allah amrehemu.

Hapa pana jambo la kulifahamu vizuri. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafii ni kuwa pombe tupu hainywewi kwa kujitibu, na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kuifanya dawa alibainisha kuwa hiyo ni ugonjwa. Basi Ibn al-Nafis alikataa haramu, hakukataa tiba. Asitokee mtu akaichukua habari hii kuwa hoja ya kuacha vidonge vya malaria au kumzuia mama mjamzito asiende hospitali. Mwenye shaka na dawa fulani amuulize tabibu iliyomo, na amuulize mwanachuoni hukumu yake, kama Ibn al-Nafis alivyokuwa na elimu zote mbili.

Mazingatio

Imepokewa kuwa Imam Shafii aliiweka tiba kuwa elimu bora zaidi baada ya elimu ya halali na haramu, na akasikitika kuona Waislamu wameipuuza. Imam Ghazali naye ameihesabu kuwa fardhi ya kutosheleza: wakiiacha wote, wote wana dhambi. Tujiulize hali yetu. Katika nyanda hizi za Kigoma, wagonjwa wetu kwa miaka mingi wamehudumiwa Kabanga, hospitali ya Kanisa Katoliki, na Heri, ya Waadventista Wasabato. Tunawashukuru kwa wema huo. Lakini tumewaandaa wangapi katika watoto wetu? Mama wa Kiislamu anapenda azalishwe na mwanamke mwenzake, na huyo mkunga hatapatikana ikiwa kila binti anakatazwa chuo.

Hata zama zetu mfano upo. Dkt. Abdulrahman al-Sumait wa Kuwait, tabibu aliyefariki mwaka 2013, aliutumia umri wake mkubwa barani Afrika katika tiba, elimu na daawa, na chuo kikuu kilichopo Chukwani, Zanzibar, kinaitwa kwa jina lake.

Kwako kijana wa zahanati: mshahara haukuondolei thawabu ikiwa nia yako ni kumtumikia Allah kwa kuwahudumia viumbe vyake. Swali kwa wakati, chunga siri ya mgonjwa, usiuze dawa ya bure, na jioni ukaribie darsa.

Tunamuomba Allah awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wallahu a'lam.