João IV: Mfalme aliyekusanya muziki wa Ulaya, ikabaki orodha

Leo mtu akitaka kujua ana nyimbo ngapi, anafungua simu tu na kusoma namba. Miaka karibu 400 iliyopita, mfalme mmoja alilazimika kuchapisha kitabu cha zaidi ya kurasa 500 ili kuorodhesha muziki aliokuwa nao. Na hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza tu.

Mfalme huyo ni João wa Nne wa Ureno. Kwenye vitabu vya historia anatajwa kama mtu aliyeitoa nchi yake mikononi mwa Hispania mwaka 1640. Lakini kwa wapenzi wa muziki wa kale wa Ulaya, João ana sifa nyingine: alikuwa na moja ya maktaba kubwa kuliko zote za muziki duniani kwa wakati wake.

Leo maktaba hiyo haipo. Iliteketea karibu miaka 100 baada ya kifo chake.

Alikulia kwenye kwaya

João alizaliwa Machi 1604 katika mji wa Vila Viçosa, karibu na mpaka wa Hispania. Baba yake, Teodósio wa Pili, alikuwa mkuu wa ukoo wa Bragança, ukoo tajiri kuliko zote Ureno ukiacha ufalme wenyewe.

Kasri lao lilikuwa na kanisa lake, na kanisa lilikuwa na waimbaji na wapiga vyombo wake. Palikuwa pia na shule ya kufundisha watoto wa kwaya. Kwa hiyo João hakukutana na muziki ukubwani. Aliusikia kila siku tangu utotoni, na alifundishwa na Roberto Tornar, mwalimu wa muziki wa kanisa hilo. Alijifunza kusoma nota na kutunga.

Hapo hapo alimpata rafiki wa maisha. João Lourenço Rebelo, mdogo wake kwa miaka kama sita, aliletwa Vila Viçosa akiwa mtoto wa kwaya. Mmoja alikuja kuwa mfalme, mwingine mtunzi mkubwa wa muziki wa kanisa, na urafiki haukuvunjika.

Mkusanyiko wa vitabu vya nota ulikuwa umeshaanzishwa na wazazi. João alipourithi mwaka 1630, pamoja na cheo cha baba yake, aliukuza kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana.

Ufalme ulimfuata nyumbani

Tangu mwaka 1580 Ureno ilikuwa chini ya wafalme wa Hispania. Hata Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni ya kipindi hicho.

Kufikia mwaka 1640 Wareno walikuwa wamechoka na kodi na vita vya Wahispania. Kikundi cha wakubwa kikapanga mapinduzi, lakini walihitaji mtu wa kumkalisha kwenye kiti. João ndiye aliyekuwa na haki kubwa zaidi kwa damu.

Tatizo ni kwamba mwenyewe alisita. Alipenda kuwinda na alipenda muziki, na maisha ya Vila Viçosa yalimtosha. Inasimuliwa kwamba mkewe, Luísa de Gusmão, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Mhispania, ndiye aliyemsukuma akubali.

Desemba 1, 1640, wapangaji walivamia kasri la Lisbon. Waziri aliyechukiwa, Miguel de Vasconcelos, aliuawa na mwili wake ukatupwa dirishani. João mwenyewe hakuwepo, alikuwa bado Vila Viçosa. Siku chache baadaye aliingia Lisbon akiwa mfalme, na maktaba ya muziki nayo ikawa na makao mapya: kasri la Ribeira, kando kabisa ya mto Tagus.

Ilikuwa kubwa kiasi gani?

Hapa ndipo hesabu inakuwa ngumu, kama ilivyo kwa mkusanyaji yeyote wa muziki. Unahesabu nini? Nyimbo? Vitabu? Au makasha?

Zama zile hakukuwa na santuri wala redio. Kuwa na muziki maana yake ilikuwa kuwa na karatasi. Tena wimbo mmoja haukukaa kwenye kitabu kimoja. Kila sauti ilichapwa kwenye kijitabu chake: sauti ya juu peke yake, besi peke yake, na kadhalika. Wimbo wa sauti nane ulimaanisha vijitabu vinane. Kikipotea kimoja, wimbo umevunjika.

Mwaka 1649 mfalme aliamuru orodha ichapishwe Lisbon. Ilipanga vitu kwa makasha yenye namba, ikataja mtunzi, jina la kazi na mara nyingi idadi ya sauti. Ndani yake kulikuwa na misa na zaburi za Palestrina wa Roma, nyimbo za mapenzi za Italia, kazi za watunzi wa Ufaransa na Uingereza, na maelfu ya nyimbo za Noeli na sikukuu nyingine kutoka Ureno na Hispania. Nyingi kati ya hizo za sikukuu zilikuwa zimeandikwa kwa mkono, nakala chache au moja tu.

Orodha ile iliitwa sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili haijawahi kuonekana.

Mabalozi walitumwa kutafuta nota

Mfalme hakusubiri muziki umfikie. Aliwatumia mabalozi wake. Mmoja wao alikuwa Vasco Luís da Gama, balozi wa Ureno nchini Ufaransa na mtu wa ukoo wa yule yule Vasco da Gama aliyepita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Katikati ya barua za vita na mikataba, mfalme alimuagiza pia amtafutie vitabu vya muziki.

Na vita vilikuwepo kweli. Hispania haikukubali kushindwa, na mapigano yaliendelea hadi mwaka 1668. Waholanzi waliiteka Luanda mwaka 1641, na Ureno iliirudisha baada ya miaka saba. Mwaka 1650 Waomani chini ya Imamu Sultan bin Saif waliwafukuza Wareno Maskati, na miaka miwili baadaye wakaivamia Unguja. Ureno ilianza kupoteza pwani yetu wakati mfalme wake akipanga makasha ya nota.

Je, alizembea? Waandishi wa zamani wa Kireno wanasimulia kwamba aliamka alfajiri kushughulika na muziki kabla ya kazi za serikali. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Lakini huyo huyo aliiacha nchi yake ikiwa huru na Brazil ikiwa imerudi mikononi mwake. Tena hakuwa mtu wa makeke: mwaka 1646 aliweka taji la Ureno chini ya Bikira Maria, na tangu hapo wafalme wa nchi hiyo hawakuvaa taji tena.

Hakukusanya tu, alisoma

Kuna watu wanaokusanya ili kuhesabu. João alikuwa anafungua vitabu vyake.

Mwaka uleule wa orodha, 1649, aliandika kijitabu cha kuutetea muziki wa zama zake. Alikuwa anamjibu askofu mmoja wa Italia ambaye, miaka 100 nyuma, alilalamika kwamba muziki wa kanisa wenye sauti nyingi haugusi moyo kama ule wa watu wa kale. Mwaka 1654 alitoa kingine, akitetea misa moja ya Palestrina dhidi ya waliodai ina makosa. Vyote viwili vilitoka bila jina lake. Cha kwanza alikitunuku kwa Rebelo, yule rafiki wa utotoni.

Alitunga pia, ila hapa tahadhari inahitajika. Wimbo maarufu wa Krismasi, Adeste fideles, ambao kwaya nyingi za Afrika Mashariki huuimba kwa Kiswahili, mara nyingi huandikwa kuwa ni wake. Hakuna ushahidi. Nakala za zamani zaidi zinazojulikana ni za karne ya 18, zaidi ya miaka 80 baada ya kifo chake, na zimeandikwa na Mwingereza.

João alifariki Lisbon Novemba 6, 1656, akiwa na miaka 52. Alizikwa katika monasteri ya São Vicente de Fora.

Asubuhi ya Novemba 1, 1755

Maktaba ilibaki kasrini, kando ya mto, chini ya wafalme waliomfuata.

Kisha ikaja Sikukuu ya Watakatifu Wote ya mwaka 1755. Yapata saa tatu na dakika 40 asubuhi, watu wakiwa wamejaa makanisani na mishumaa ikiwaka, ardhi ya Lisbon ilitetemeka. Waliokimbilia ukingo wa mto kukwepa majengo walikutana na mawimbi ya tsunami. Baada ya maji ukaja moto, ukawaka kwa siku kadhaa. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu.

Kasri la Ribeira liliangamia. Jumba la opera la mfalme, lililokuwa halijamaliza hata mwaka tangu lifunguliwe, lilianguka. Na muziki wote wa João ukawa majivu.

Kilichopona

Kilichopona hakikupona kwa sababu ya kulindwa vizuri. Kilipona kwa sababu kilikuwa pia mahali pengine.

Chukua mfano wa Philippe Rogier na mwanafunzi wake Géry de Ghersem, watunzi waliotumika kasrini Madrid. Orodha ya João inataja zaidi ya kazi 200 za Rogier, na Ghersem naye alikuwa na rundo la nyimbo humo. Nyingi mno zilipotea siku ile. Lakini mwaka 1598, baada ya Rogier kufariki, Ghersem alichapisha kitabu cha misa za mwalimu wake na kuchomeka humo misa moja yake mwenyewe. Nakala zilisambaa. Misa hiyo inaimbwa hadi leo.

Manuel Cardoso, padri wa Lisbon aliyemtunuku João vitabu vyake, ni vile vile. Nyumba yake ya watawa iliangushwa na tetemeko, na kazi zake za mkono zikaenda nayo. Vitabu vyake vitano vilivyochapwa viko.

Na Rebelo? Mfalme aligharamia zaburi zake zichapwe Roma. Zilitoka mwaka 1657, João akiwa tayari kaburini. Leo karibu kila kinachojulikana cha Rebelo kinatoka kwenye chapa hiyo.

Orodha ya mwaka 1649 yenyewe imebaki kwa nakala chache mno, mojawapo ikiwa Paris. Katika karne ya 19 ilichapwa upya, na watafiti wa muziki bado wanaifungua. Wanakuta namba ya kasha, jina la mtunzi, jina la wimbo na idadi ya sauti. Halafu wanageuza ukurasa, maana hakuna kingine cha kusoma.