Alexander Haddow, muzungu aliyekesha na mbu ngambo ya Semliki

Mukaaji wa Beni anajua Semliki kama muto unaotoka Ziwa Edward, unapita chini ya mulima Ruwenzori na kuingia Ziwa Albert. Lakini ndani ya laboratwari za dunia, Semliki ni jina la virusi pia. Virusi hiyo ilipatikana munamo mwaka 1942 ndani ya mbu waliokamatwa Bwamba, ku upande wa Uganda, mahali Baamba wanaishi pamoja na Bakonzo, ndugu za Banande. Mumoja wa watu walioipata aliitwa Alexander John Haddow.

Haddow alizaliwa Scotland munamo 1912. Alisomea Glasgow, kwanza elimu ya wanyama na wadudu, kisha udaktari. Alipofika Afrika, alianzia Kenya, akichunguza mbu wanaoingia ndani ya nyumba za watu ku Kisumu. Mwaka 1942 akaenda Entebbe, ku kituo cha utafiti wa homa ya manjano kilichofunguliwa munamo 1936 na shirika Rockefeller la Marekani.

Kazi iliyomungojea ilikuwa fumbo. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba watu wengi wa Bwamba walikwisha kuambukizwa homa ya manjano, na hakuna aliyekuwa ameona mlipuko mukubwa. Wakati ule mbu aliyejulikana kwa kuleta ugonjwa huo ni Aedes aegypti, yule wa mijini. Bwamba ilikuwa pori na mashamba ya ndizi. Sasa ugonjwa ulikuwa unapitia wapi?

Haddow hakutafuta jibu akikaa ofisini. Yeye na wenzake walijenga vitanda vya mbao juu ya miti mirefu. Vijana wa pale walipanda, wakaa miguu wazi, na kumukamata kila mbu aliyetua juu yao. Kazi iliendelea saa 24, muchana na usiku, chini na juu. Kila mbu aliandikiwa saa na kimo.

Hesabu hiyo ilifungua macho. Mbu jike ndiye anauma, kwa sababu anahitaji damu ili atage mayai. Lakini kila aina iko na saa yake na mahali pake. Aedes africanus anazaliwa ndani ya maji ya matundu ya miti, na anauma juu kabisa, zaidi jua likisha kuzama, wakati makako wametulia juu ya matawi ili walale. Virusi inazunguka kati ya mbu huyo na makako. Makako wa Afrika kwa kawaida hawafi nayo: wameizoea tangu zamani sana. Wale wa Amerika, walioipata juzi tu kwa hesabu ya viumbe, wanakufa wengi.

Asubuhi makako wanashuka kuiba ndizi. Ndani ya shamba kunangoja mbu mwingine, Aedes simpsoni, anayezaliwa ndani ya maji kidogo yanayobaki kati ya majani ya mugomba ao ya mateke. Huyu anauma muchana. Anakunywa damu ya makako mwenye virusi, na siku kadhaa baadaye anauma mama anayelima. Njia ndiyo hiyo: pori, makako, mugomba, mutu.

Haddow aliona tena jambo la ajabu. Mbu huyo alikuwa anauma watu sana Bwamba, lakini mahali pengine pa Uganda aliwaacha. Baadaye wataalamu walitambua kwamba jina moja lilikuwa limefunika aina kadhaa zinazofanana, na si zote zinazopenda damu ya mutu.

Njia hiyo ya kupanda miti ilileta mengine. Munamo 1947, virusi isiyojulikana ilipatikana ndani ya damu ya makako aliyewekwa ndani ya pori ya Zika, karibu na Entebbe. Mwaka 1948 ikapatikana ndani ya Aedes africanus wa pori hiyo hiyo. Haddow na wenzake George Dick na Stuart Kitchen wakaitangaza munamo 1952. Kwa miaka mingi wachache tu waliijali, hadi 2015 na 2016, wakati watoto wengi walizaliwa na vichwa vidogo ku Brazil.

Haddow aliongoza kituo cha Entebbe tangu 1953 hadi 1965, kisha akarudi Glasgow kufundisha. Alipenda sana pia muziki wa zumari za Scotland, na kitabu chake juu ya muziki huo kilitoka akiwa amekwisha kufa. Alifariki munamo 1978. Bwamba, Bunyamwera, Ntaya, Semliki: majina ya mahali yamebaki juu ya virusi. Majina ya vijana waliotoa miguu yao usiku kucha yanajulikana na wachache sana.

Hesabu yao ingali inafanya kazi. Mustikere inamulinda mutoto na mbu wa malaria, anayeuma usiku. Mbu wa shambani anakuja jua likiwaka, na mustikere imekunjwa. Ndiyo sababu chanjo ya homa ya manjano, inayotolewa Kongo mutoto akifikisha miezi 9, haiwezi kubadilishwa na mustikere.