Augusta Savage: Mchongaji Aliyeinuliwa na Ufadhili

Mchongaji Augusta Savage alizaliwa mwaka 1892 katika jimbo la Florida, Marekani. Mwaka 1923 alinyimwa nafasi ya masomo nchini Ufaransa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1929 sanamu yake ya kijana, Gamin, ilimpatia ufadhili wa Mfuko wa Julius Rosenwald, akaenda kusoma Paris. Aliporejea alifundisha vijana wa Harlem, akiwemo mchoraji Jacob Lawrence, ambaye naye alipata ufadhili huohuo mwaka 1940.

Hata hivyo, sanamu yake kubwa ya plasta, iliyooneshwa New York katika Maonesho ya Dunia ya mwaka 1939, ilivunjwa kwa kukosekana fedha za kuisubu. Savage alifariki dunia mwaka 1962.