Monsenyeri Kataliko, askofu aliyewaambia Butembo wasingojee Leta

Mutu akitoka Goma kwa barabara, akapita Kanyabayonga na Lubero, akaingia Butembo kwa mara ya kwanza, swali linalomujia ni moja: haya manyumba ya ghorofa, nani aliyajenga? Leta haikumwaga feza pale. Wengi waliojenga ni wachuuzi, watoto wa walimaji, na baadhi yao walianza na mufuko mumoja wa maharagi. Lakini ukiuliza wazee wa muji, hawatakaa sana bila kutaja jina la mutu ambaye hakuwa muchuuzi hata kidogo: Monsenyeri Emmanuel Kataliko, askofu wao kwa miaka 31.

Alizaliwa mwaka wa 1932 katika inchi ya Wanande, kaskazini ya Kivu. Baada ya seminari alitumwa Roma, na kule hakusoma teolojia tu, alisoma pia elimu ya jamii. Jambo hili la pili watu hulisahau, lakini pengine ndilo linaeleza mengi aliyoyafanya kiisha. Mwaka wa 1966 akapewa jimbo la Beni, ambalo muda mufupi baadaye liliitwa Butembo-Beni. Alikuwa bado kijana, miaka kama 34, akichukua nafasi ya mumisionere Henri Piérard. Vita ya Simba ya 1964 ilikuwa imepita kule miaka miwili tu mbele, na watu walikuwa hawajasahau.

Alikuta shida ambayo hata leo inajulikana vizuri Lubero: milima inajaa watu, mashamba yanagawanywa kati ya ndugu mpaka yanakuwa kama kitambaa. Kijana wa tatu au wa nne katika nyumba hana tena pa kulima. Wengine walishuka kwenda pori upande wa magharibi kutafuta udongo mupya. Wengine waliingia katika uchuuzi. Walisukuma chukudu zenye viazi na makabichi, wakatafuta nafasi juu ya kamyo, wakapeleka mboga na maharagi mpaka Kisangani, na kutoka kule ziliendelea mpaka Kinshasa. Faida ya safari moja ilinunua bidhaa ya safari ya pili. Benki haikuwakopesha. Walikopeshana ndugu kwa ndugu, kwa likelemba na kwa kuaminiana, na mutu aliyekula feza ya wenzake alijua kwamba hata kanisani watamuangalia vibaya.

Ndiyo sababu Mobutu alipotangaza mwaka wa 1973 kwamba biashara za wageni zipewe Wazairwa, Butembo haikuanguka sana sawa miji mingine. Mahali pengi, maduka yaligawiwa marafiki wa wakubwa, wakala akiba, kiisha wakafunga. Butembo palikuwa tayari watu waliokuwa wanajua kununua na kuuza, na walichukua nafasi hiyo polepole.

Kataliko aliona kwamba hii ni nguvu, na aliona pia hatari yake. Muchuuzi anayepata sana anaweza kupeleka feza yake Kinshasa ao Ulaya, na mulimaji aliyemuuzia maharagi abaki bila barabara, bila dawa, bila masomo ya watoto. Kwa hiyo aliwasukuma wenye mali wajenge hapa nyumbani. Na hakuwasukuma wao tu. Vijiji navyo vilitakiwa kutoa: mutu asiye na feza anatoa mawe, muchanga, matofali, siku ya kazi. Kwa namna hii barabara za vijiji zilifunguliwa, masomo na vituo vya afya vikajengwa katika parokia za mbali.

Tusisahau kwamba wakati ule watu walikuwa wanajua kazi nyingine ya pamoja, salongo ya Mobutu, ambayo mutu alienda juu ya kuogopa. Kijiji kilichofanyishwa salongo kwa nguvu si rahisi kukiambia kirudi tena barabarani na jembe kwa mapenzi yake. Askofu aliweza, kwa sababu watu waliona kazi inabaki kwao: daraja wanapita wao wenyewe, chumba cha masomo anaingia mutoto wao.

Kazi inayojulikana kupita zote ni iniversite. Mpaka miaka ya themanini, kijana wa Beni ao Lubero aliyemaliza diploma na kutaka kuendelea mbele alipaswa kwenda mbali, Kisangani, Lubumbashi ao Kinshasa. Jamaa nyingi hazikuweza. Aliyeweza, mara nyingi hakurudi. Mwaka wa 1989, wakati Leta ilipoacha wengine pia wafungue masomo ya juu, Kataliko akaanzisha Université Catholique du Graben, UCG, palepale Butembo. Graben ni lile bonde kubwa la ufa ambamo ziwa Edouard linalala, chini ya milima yetu. Jina lenyewe lilionyesha kwamba masomo haya ni ya mahali hapa. Udongo na mifugo vilipata nafasi yao, kilimo na uganga wa wanyama, pamoja na uganga wa watu, sheria na ekonomia. Feza ya kuiendesha ilitoka sana kwa wazazi wenyewe na kwa watu wa jimbo, maana Zaire ya wakati ule ilikuwa inashindwa hata kulipa walimu wa masomo ya chini.

Hapo ndipo pana neno la kusema. Kujitegemea kuna bei, na bei haikulipwa na wote sawasawa. Kuanzia miaka ya tisini wazazi wa Kongo muzima waliingia katika kulipa mushahara wa walimu, na Leta ikazoea. Mutoto wa muchuuzi wa Butembo alipata iniversite karibu na nyumba. Mutoto wa mulimaji asiye na kahawa ya kuuza alibaki mara nyingi kwenye mulango. Na muji ulipanda ghorofa haraka kuliko vijiji vilivyoulisha. Kataliko hakumaliza shida hiyo. Hakuna aliyeimaliza mpaka leo.

Tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, aliuawa. Mwezi wa tatu 1997 Roma ikamuomba Kataliko achukue nafasi yake. Aliacha jimbo alilolijenga na kwenda mahali pa moto. Mwaka wa 1998 vita ya pili ikaanza, Bukavu ikawa mikononi mwa RCD iliyosaidiwa na Rwanda. Mutu aliyekuwa amefundisha watu kukusanya mali kidogo kidogo, sasa aliona mali hiyo ikichukuliwa: mifugo, mavuno, madini, vyombo vya hospitali. Katika barua yake ya Noeli 1999 alisema wazi kwamba wageni, pamoja na Wakongo fulani, wanatumia utajiri wa inchi kwa kuendesha vita. Lakini hakuacha kuwaambia waamini wake pia wajichunguze wenyewe.

Tarehe 12 Februari 2000, RCD ilimuzuia kurudi Bukavu. Akapelekwa Butembo, kwao, kama mutu aliyefungwa kwa watu wake. Bukavu makanisa na masomo vilisimamisha kazi kwa siku kadhaa kwa kupinga. Ilichukua miezi saba. Tarehe 14 Septemba alirudi, na watu walijaa njiani kumupokea.

Hawakukaa naye. Alikwenda Italia kwa mukutano wa maaskofu wa Afrika, na tarehe 4 Oktoba 2000, karibu na Roma, moyo wake ukasimama. Alizikwa Bukavu, katika kanisa kuu, si Butembo. Kule Butembo kulibaki iniversite. Mwaka ule wa vita, wanafunzi waliendelea kuingia.