FREDDIE MERCURY: MWANA WA UNGUJA NA VINANDA VYA UMEME

Katika kurasa hizi za chama chetu cha Kiswahili tumezoea kusoma maisha ya malenga na viongozi. Mwaka huu nimeonelea niwaletee maisha ya mwanamuziki. Kundi lake lajulikana dunia nzima, na hata hapa Ukunda timu ikifunga bao, watoto hupiga miguu na makofi kwa mapigo ya wimbo wao mmoja. Lakini wengi hawajui kwamba mwimbaji wa kundi hilo ni mwana wa pwani, aliyezaliwa Unguja, kando ya bahari hii hii tunayoogelea sisi. Huyo ni Freddie Mercury.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika Mji Mkongwe. Babake, Bomi, alikuwa karani wa serikali ya Waingereza katika mahakama kuu ya Zanzibar, na mamake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, yaani watu wenye asili ya Uajemi waliohamia Bara Hindi karne nyingi zilizopita, na dini yao ni ile ya Zoroaster. Unguja ya siku zile ilikuwa kitovu cha muziki. Siti binti Saad alikuwa bado yu hai, na kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa kikipiga taarab ya udi, fidla na kanuni. Vyombo vyote vilikuwa vya mkono. Hakuna aliyeota kwamba siku moja sauti ya fidla itatoka kwenye waya wa stima.

Farrokh alipokuwa na umri wa miaka minane, wazazi wake walimpeleka shule ya bweni huko Panchgani, Bara Hindi. Hebu fikiri, mtoto wa darasa la tatu anavushwa bahari, mbali na mamake! Sisi wa shule ya kutwa tunalalamika jua la njiani tu. Huko ndiko alikojifunza piano na kuimba katika kwaya, na huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Akiwa na miaka kumi na miwili hivi aliunda bendi ya shule na wanafunzi wenzake, wakaiita The Hectics, naye akawa mpiga piano. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechomoza kwa kuwa alikuwa na meno manne ya ziada kinywani. Alipokuja kuwa tajiri hakukubali kuyang'oa, kwa kuogopa kuiharibu sauti yake.

Alirudi Unguja mwaka 1963, lakini hakukaa sana. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi, na familia yake ikahamia Uingereza, mji wa Feltham karibu na London. Alikuwa na miaka kumi na saba, yaani ananipita mimi kwa mwaka mmoja tu. Nchi ilikuwa ya baridi, na nyumba haikuwa na nafasi kama ile ya Unguja. Alifanya vibarua, akasomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Ealing na kumaliza mwaka 1969, kisha akawa anauza nguo sokoni Kensington pamoja na rafiki yake Roger Taylor, mpiga ngoma.

Mwaka 1970 Freddie alijiunga na Roger Taylor na mpiga gitaa Brian May. Yeye ndiye aliyeliita kundi lao Queen, akalichorea nembo, na akajipa jina la Mercury. Mwaka uliofuata aliingia John Deacon wa gitaa la besi. Wanne hao ndio waliodumu hadi mwisho.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Miaka ile ya 1970 wanamuziki wengi wa Ulaya walikuwa wameanza kutumia sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti chenyewe bila nyuzi wala filimbi ndani yake. Queen walikataa. Tangu albamu yao ya kwanza ya mwaka 1973 walikuwa wakiandika kwenye jalada kwamba hakuna sinthesaiza iliyotumika humo. Walikuwa na sababu. Brian May alikuwa na gitaa alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe akisaidiwa na babake, kwa mbao za meko kuukuu, na alikuwa akirekodi gitaa hilo mara nyingi moja juu ya jingine mpaka likatoa sauti za ajabu. Watu wakidhani ni mashine. Basi wao wakataka kila mtu ajue kwamba ile ni jasho la binadamu.

Kilele cha jasho hilo ni wimbo wa mwaka 1975 uitwao Bohemian Rhapsody, alioutunga Freddie. Una urefu wa karibu dakika sita, wakati nyimbo za redio zilikuwa za dakika tatu tu. Pale katikati unasikia kama kwaya ya watu mia. Kumbe ni watu watatu: Freddie, Brian na Roger, walioimba na kurudia, sauti juu ya sauti, siku baada ya siku, mpaka utepe wa kurekodia ukachakaa kwa kupitishwa mara nyingi mashineni. Na ndani ya wimbo huo mna neno moja la Kiarabu ambalo sisi watu wa pwani hulitamka kabla ya kula. Ukilisikia utatabasamu. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa.

Basi ikawaje watu hawa wakabadilika? Mwaka 1980, katika albamu ya The Game, walitumia sinthesaiza kwa mara ya kwanza, kinanda cha Marekani kiitwacho Oberheim OB-X. Miaka miwili baadaye walitoa albamu ya Hot Space iliyojaa sauti za mashine na midundo ya disko, na mashabiki wengi wakanung'unika.

Wakati huo huo dunia ilikuwa imepata kinanda kingine cha ajabu zaidi. Kilitengenezwa Sydney, Australia, na vijana wawili, Peter Vogel na Kim Ryrie, kikatoka mwaka 1979. Walikiita Fairlight, na jina hilo walilitoa kwenye feri iliyokuwa ikivuka bandari ya mji wao. Ni kama sisi tutengeneze chombo tukiite jina la feri ya Likoni! Fairlight ilikuwa kompyuta yenye vibao vya piano. Inasikiliza sauti kwa maikrofoni, inaipima mara maelfu kwa sekunde moja, inaandika kila kipimo kama nambari, kisha inazirudisha nambari zile kuwa sauti. Ukimrekodi jogoo mmoja anayewika, unaweza kumwimbisha jogoo huyo wimbo mzima, juu na chini. Lakini bei yake ilikuwa ya kununulia nyumba. Walioimudu walikuwa wakubwa kama Stevie Wonder, Peter Gabriel na Kate Bush.

Queen waliitumia Fairlight katika albamu ya The Works ya mwaka 1984, na aliyeiendesha ni mtayarishaji wao Mack. Iko katika wimbo uitwao Machines, unaosimulia ugomvi wa mashine na binadamu. Katika albamu hiyo hiyo kuna wimbo wa I Want to Break Free. Pale katikati watu wengi hudhani anayelia ni Brian May na gitaa lake, kumbe ni Fred Mandel anapiga sinthesaiza ya Roland. Zamani gitaa lilidhaniwa mashine, sasa mashine inadhaniwa gitaa. Ama kweli dunia ni duara.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1983, kampuni ya Yamaha ya Japani ilikuwa imetoa kinanda cha DX7. Hicho nacho kilifanya kazi kwa nambari, kwa njia iliyogunduliwa na John Chowning wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, lakini bei yake haikufika dola 2,000. Viliuzwa zaidi ya laki moja. Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa watu wa kawaida, na vinanda vya umeme vya bei nafuu vikaenea hadi kwetu. Katika miaka ya 1990 vikundi kama East African Melody vilipiga taarab ya kisasa, kinanda kimoja kikikalia kiti cha fidla na kanuni.

Hapa lazima niseme yaliyo moyoni. Mjomba wangu ni mpigaji wa sengenya. Zamani arusi hapa Ukunda haikunoga bila ngoma, upatu na nzumari, na mjomba hakukosa Ijumaa wala Jumamosi. Siku hizi huja kijana mmoja na kibodi yake na spika mbili, akabonyeza kidude, ngoma zote zikalia zenyewe. Mjomba hukaa barazani akasikiliza. Hasemi kitu, lakini vidole vyake hupiga goti. Muhula uliopita chama chetu kilipofanya mdahalo kwamba vyombo vya umeme vimeua muziki wetu, mimi niliunga mkono hoja kwa sababu yake, na bado sijaona kwamba uchungu wake ni bure. Ndiyo sababu nimeyafuata maisha ya Freddie, mtu aliyekuwa pande zote mbili za mdahalo huo.

Turudi kwake. Mwezi wa Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, ilhali wanamuziki wa dunia walikuwa wameombwa wasiende. Walilaumiwa sana, na hapo mimi sitawatetea. Mwaka uliofuata, 1985, Freddie alitoa albamu yake mwenyewe, Mr. Bad Guy, akipiga piano na sinthesaiza yeye mwenyewe. Na tarehe 13 Julai mwaka huo alipanda jukwaani Wembley, London, katika tamasha la kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Walipewa dakika ishirini tu. Alianza na piano, kisha akawaimbisha watu zaidi ya elfu sabini kwa sauti yake tupu, wakamwitikia kama maamuma wanavyomwitikia imamu. Mpaka leo wengi husema hakuna aliyempiku siku ile.

Mwaka 1988 alitoa albamu ya Barcelona pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji mashuhuri wa opera kutoka Uhispania. Nyimbo zake zilitaka okestra kubwa ya fidla na matarumbeta, lakini sehemu kubwa ya okestra ile ilipigwa kwa sinthesaiza na Mike Moran, aliyezitunga nyimbo hizo pamoja na Freddie.

Wakati huo Freddie alikuwa tayari mgonjwa. Alikuwa ameambukizwa virusi vya UKIMWI, na siku zile dawa za kurefusha maisha kama tulizo nazo leo hazikuwapo. Aliificha siri hiyo, akaendelea kufanya kazi. Mwezi wa Mei 1991, akiwa hawezi kusimama muda mrefu, alirekodi wimbo uitwao Mother Love huku mashine ya ngoma ikimpigia mapigo. Ubeti wa mwisho hakuuimba. Alitaka apumzike kwanza kisha arudi, na hakurudi tena. Brian May ndiye aliyeuimba ubeti ule, na wimbo ukatoka mwaka 1995. Mashine ilikuwa tayari kuendelea usiku kucha, lakini bila mwenye sauti ilikuwa inahesabu tu.

Tarehe 23 Novemba 1991 Freddie aliutangazia ulimwengu ugonjwa wake, na kesho yake, tarehe 24, akafariki nyumbani kwake London akiwa na miaka 45. Mwaka 1992 wenzake walianzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust wa kupambana na UKIMWI. Unguja kwenyewe wapo wasiopendezwa na namna alivyoishi, na wapo wanaojivunia kwamba ni mtoto wao. Mwaka 2019 lilifunguliwa jumba la makumbusho yake katika Mji Mkongwe.

Nimeacha jambo moja makusudi mpaka mwisho. Mwaka 2012 ile albamu ya Barcelona ilitolewa upya. Sinthesaiza zilifutwa, wakaletwa wanamuziki wa okestra halisi wakapiga fidla na matarumbeta kwa mikono. Sauti ya Freddie haikuguswa. Kwa hiyo kile kinanda kilichochukua nafasi ya wapigaji mwaka 1988 kiliondoka, na wapigaji wakarudishwa baada ya miaka 24.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye funzo. Kinanda ni chombo, kinaweza kuwekwa na kinaweza kuondolewa. Lakini ili wapigaji warudishwe, ni lazima wawepo watu wanaojua kupiga. Ulaya shule za muziki zinawafundisha. Je, hapa kwetu Kwale, ikija siku mtu akataka kuitoa kibodi na kuirudisha sengenya, atampata nani? Naomba vijana wenzangu, tupende vinanda vya umeme, hata Freddie alivipenda, lakini tuwaendee wazee wetu tujifunze ngoma na nzumari wakingali na nguvu. Mimi nimeshaanza na upatu kila Jumapili, na mjomba hanionei huruma hata kidogo. Mwenye kutaka kujiunga anijie darasani Kidato cha Tatu.

Hadi toleo lijalo, inshallah, nawatakia masomo mema. Kiswahili kitukuzwe!