Edwin Hall na Funzo la Jani la Dhahabu

Hapana shaka wapo mafundi wa simu wa Daraja Mbili, hapa Arusha, wanaoifungua kila siku kazi ya Edwin Hall bila ya kulisikia jina lake. Wapo pia ndugu zetu wa Visiwani wanaotazama dira ya simu wakiwa chomboni. Nyingi ya dira hizo huitambua sumaku ya dunia kwa njia aliyoigundua yeye. Tumeona vema tumkumbuke.

Hall alizaliwa mwaka 1855 katika jimbo la Maine, Marekani. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kusoma kwa Profesa Henry Rowland. Humo alikuta kitabu cha James Clerk Maxwell, bingwa wa umeme wa zama zile, kikieleza kwamba sumaku huusukuma waya wenyewe, wala si mkondo wa umeme uliomo ndani yake. Hall hakuridhika. Alibandika jani jembamba la dhahabu juu ya kioo, akapitisha umeme, akaliweka kati ya ncha za sumaku. Mwaka 1879 aliona umeme umesukumwa upande, ukazaa volteji ndogo toka ukingo hadi ukingo. Elektroni ilikuwa haijagunduliwa bado. Ilijulikana mwaka 1897.

Mwaka 1881 alianza kufundisha Harvard, akastaafu mwaka 1921. Huko alitunga orodha ya majaribio mepesi ya fizikia kwa shule za sekondari, yaliyohitaji vifaa vya bei nafuu, ili vijana wajifunze kwa mikono. Alifariki mwaka 1938.

Kazi yake haikufa naye. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing wa Ujerumani aligundua kwamba, katika baridi kali na sumaku kubwa, ukinzani wa Hall hupanda kwa ngazi. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, huko Manchester, walitumia utepe wa gundi kubandua grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja, kutoka katika kinywe. Mwaka 2005 ilidhihirika kwamba ngazi za grafini zimesogea kwa nusu hatua, kwa kuwa elektroni zake huenda kana kwamba hazina uzito.

Kinywe hicho ndicho madini ya penseli, nasi tunacho Merelani na Mahenge. Lakini madini pasipo maarifa ni mzigo wa kuuzwa kwa mzani tu. Tunayo Taasisi ya Nelson Mandela hapa Tengeru; hata hivyo kijana hatafika huko kwa manufaa ikiwa hajapata kushika sumaku na betri darasani.

Kwa hiyo tunawasihi wakuu wanaohusika, Bara na Visiwani, wasingoje majengo makubwa ya maabara. Kila shule ianze na vifaa vichache, kama alivyoshauri Hall. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.