Aliacha shule mapema, lakini kipimo cha sukari kina deni lake

Ukiacha chuo hapa Machakos kwa kukosa karo, hata mama mboga atajua kabla ya Jumapili. Mimi niliacha. Aliyenitia moyo alifariki 1867. Anaitwa Michael Faraday.

Alizaliwa 1791 kando ya London, baba yake mhunzi mgonjwa-mgonjwa. Shule alipata ya kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Akiwa na miaka 14 akapelekwa kwa fundi wa kufunga vitabu, akakaa miaka saba. Wenzake walivifunga; yeye alivifunga na kuvisoma.

Mwaka 1812 mteja akampa tiketi za kumsikiliza mwanakemia Humphry Davy. Kijana akaandika kila kitu, akafunga kurasa kama 300 kuwa kitabu, akamtumia Davy. Muda si muda msaidizi wa maabara akafutwa kwa kupigana. Machi 1813, Faraday akaingia Royal Institution.

Sasa sikiza. Miaka ya 1833 na 1834 akaonyesha kwamba umeme ukipita kwenye maji yenye kemikali, kiasi cha kemikali inayobadilika hulingana na kiasi cha umeme uliopita. Yaani ukipima umeme, umeipima kemikali. Hata neno elektrodi alilileta yeye.

Inakuhusu nini? Kile kidude cha kupima sukari, chenye kijiti cha kutilia tone la damu, kinasoma umeme. Leo watafiti wanapaka elektrodi mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu, ili inase hata chembe chache za dawa kama paracetamol. Dawa ikigusa pale inaachilia elektroni. Dawa ikizidi, mkondo nao unapanda.

Na hii si hadithi ya Ulaya pekee. Mabaki ya dawa yamepatikana kwenye Mto Nairobi, ambao humwaga maji yake Mto Athi, huu wetu. Huwezi kuyaona kwa macho wala kuyaonja. Lazima mtu apime.

Faraday alikataa mara mbili kuwa rais wa Royal Society. Hesabu ngumu hakuzijua mpaka kufa. Lakini usinielewe vibaya: hakufaulu kwa kukosa shule. Alifaulu kwa sababu hakuacha kusoma. Chuo niliacha; daftari bado ninalo. Lako liko wapi?